Karatasi moja, lugha mbili

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza, sekondari ya kata. Juzi kaniletea daftari la Baiolojia nimsaidie kazi ya nyumbani. Kurasa tatu kanakili kutoka ubaoni, mwandiko mzuri, Kiingereza kitupu. Nikamuuliza, hii photosynthesis ndiyo nini? Akainamia daftari, akaanza kunisomea sentensi ya kwanza. Usinisomee, niambie. Kimya.

"Usanisinuru," nikamwambia.

"Aaah, mjomba! Si ule mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua?" Hapo hakukamatika tena. Umbijani, hewa ya ukaa, maji kutoka mizizini, vyote alitoka navyo shule ya msingi. Daftari lake ndilo lilikuwa halimjui.

Hapa Tanzania, tangu 1967 karibu shule zote za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto akivuka kwenda sekondari anapewa wiki chache za kozi ya Kiingereza, kisha masomo karibu yote yanageuka lugha. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu yetu, ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali haikukubali. Sera ya Elimu ya 2014 ikakifungulia mlango Kiswahili katika ngazi zote, toleo lake la 2023 likakibakiza Kiingereza sekondari. Miaka zaidi ya 40 ya nenda rudi.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Wazazi wanauza viwanja wapeleke watoto shule za ada, na siwacheki, maana usaili wa kazi wanaujua unavyokuwa. Ninachotaka ni lugha zote mbili zitumike darasani kwa ruhusa, kwa sababu kwa siri zinatumika tayari. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anageuka, anaeleza kwa Kiswahili. Akichungulia mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, dirishani, somo linahamia Kiingereza na darasa zima linakuwa bubu. (Mthibiti mwenyewe akifika ofisini, chai anaiomba kwa Kiswahili.)

Kinachowaumiza zaidi ni mtihani. Mtoto kaelezwa kwa lugha mbili, anapimwa kwa moja, tena ile anayoijua kidogo. Basi tuanze na kidato cha pili: karatasi ya Baiolojia, Jiografia, Historia, kila swali lichapwe kwa Kiingereza na chini yake Kiswahili, mtoto ajibu kwa lugha anayoiweza. Kurasa zitaongezeka, gharama pia. Ninakubali. Lakini kumkalisha mtoto miaka minne akikariri asichokielewa nayo ni gharama, ila hakuna anayeiandikia risiti.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kamusi ya baiolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mengine humo yanakwaza ulimi, sikatai, lakini hata photosynthesis si neno alilozaliwa nalo mtoto wa London.

Jirani yangu mmoja hunijibu kwa methali: mshika mawili, moja humponyoka. Sawa, ila huyu wetu hajashika mawili. Kanyang'anywa moja kabla hajakabidhiwa la pili. Kiingereza nacho kinahitaji vipindi vyake, vitabu vya hadithi, na mwalimu anayekimudu. Ticha wa Baiolojia kazi yake ni Baiolojia.

Ile kazi ya nyumbani aliijibu kwanza kwa penseli, kwa Kiswahili, mistari minne iliyonyooka. Halafu tukakaa na kamusi tukaihamishia kwenye Kiingereza, neno kwa neno, saa nzima. Alipomaliza akachukua raba, akaanza kufuta ile mistari ya penseli. Nikamuuliza anaifutia nini.

"Wakiiona nitachapwa, mjomba."