Nimefuta Faili, Mwewe Bado Anaruka

Saa sita na nusu usiku nilifuta faili inayoitwa mipangilio.lua. Sikuihamisha, sikuibadilisha jina. Niliifuta, kisha nikamwaga na pipa la taka la kompyuta ili kusiwe na maneno. Nikawasha mchezo. Mchezo ukawaka. Mwewe akatokea upande wa kulia, akakata skrini kwa mbio zilezile, akamnyakua kuku wangu, na maandishi yakajitokeza: UMELIWA.

Sasa, faili ile ndiyo iliyokuwa inamwambia mwewe aruke kwa kasi gani. Haipo. Mwewe anasoma wapi?

Nirudi nyuma kidogo. Mchezo wenyewe ni mdogo: kuku anaokota punje, mwewe anamwinda. Tunautengeneza wawili kwa LÖVE, ile injini ya bure ya kutengenezea michezo, inayoendeshwa kwa lugha ya programu ya Lua. Unaandika kodi moja, nayo inachora picha, inapiga sauti na kupokea vitufe kwenye Windows, Linux, macOS, Android na iOS. Karibu kila amri yake inaanza na love: love.load, love.update, love.draw. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hawakuwahi kukutana na love.filesystem, sehemu yake ya kusoma na kuandika faili.

Mimi natumia Windows, mwenzangu Linux, tunapokezana kodi kwa git. Tulishachezewa mara moja na rangi. Mwenzangu alifuata somo la zamani, akampaka mwewe kahawia kwa love.graphics.setColor(139, 69, 19), na mwewe akatoka mweupe pe, kama njiwa wa harusi. Toleo la 11.0, lililotoka tarehe 1 Aprili 2018, lilibadili vipimo vya rangi kutoka 0 hadi 255 vikawa 0 hadi 1. Chochote kinachozidi 1 kinahesabiwa kuwa 1, kwa hiyo namba zote tatu zikawa 1, na nyekundu, kijani na bluu zote zikiwa 1 unapata nyeupe. Ukigawa kila namba kwa 255 mambo yanakaa sawa. Mabadiliko makubwa kama hayo kutolewa Siku ya Wajinga, mimi nayahesabu kuwa onyo.

Basi, jioni ya tukio, niliona mwewe ana mbio kupita kiasi. Kuku hamalizi hata punje tatu. Nikafungua mipangilio.lua, ambayo ni jedwali la kawaida la Lua:

return { kasi_mwewe = 120, idadi_punje = 15, maisha = 3 }

Nikaweka 60. Nikawasha. Mbio zilezile. Nikaweka 30. Zilezile. Nikamwandikia mwenzangu, naye akavuta kodi, akajibu:

"Mbona umempunguza hivyo? Anatembea kama bata."

"Kwangu hajapungua hata kidogo."

"Kwangu amepungua."

Hapo nikaanza kuituhumu Windows, kama ilivyo desturi. Kisha nikatuhumu skrini. Kosa la kawaida la anayeanza ni kumsogeza mhusika kwa pikseli kadhaa kila fremu bila kuzidisha kwa dt, yaani sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia. Ukifanya hivyo, kwenye skrini ya hezi 144, yaani inayochora fremu 144 kwa sekunde, mwewe anakwenda zaidi ya mara mbili ya kasi yake ya hezi 60. Nikakagua love.update, inayoitwa kila fremu: mwewe.x = mwewe.x - kasi * dt. Safi. Kodi haina hatia.

Nikachukua saa ya simu nikapima. Mwewe anaanzia pikseli ya 740, anafika ukingo wa kushoto kwa sekunde tatu na chembe. Kwa kasi ya 60 ilimpasa atumie zaidi ya sekunde 12. Mtu mwenye akili zilizotulia angegawa 740 kwa 3 na chembe, akapata kama 240, akajiuliza: 240 inatoka wapi wakati mimi sijaandika 240 popote? Jibu lote lilikuwa hapo. Mimi nikahitimisha kwamba saa ya simu ina matatizo.

Nikaweka 0, nikapandisha, nikamwambia mwenzangu aangalie.

"Amesimama kama sanamu," akasema. "Hata nimebonyeza F5 mara mbili kuhakikisha. Hasogei."

Kwangu mwewe alikuwa anakula kuku wa tisa.

Kuanzia hapo niliacha kupanga na nikaanza kuchokoza. Nikaandika kasi_mwewe = "polepole". Lua haiwezi kuzidisha neno hilo kwa dt. Ilitakiwa initolee ile skrini ya bluu ya kosa, na jina la faili na namba ya mstari. Haikutoa kitu. Nikang'oa mabano ya kufungia jedwali, kosa la sarufi ambalo hata mtoto angelikamata. Kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika programu nilikuwa naomba kosa na ninanyimwa.

Ndipo nikafuta faili, kama nilivyosema, na UMELIWA ikatokea. Nikamwandikia mwenzangu: "Nimefuta mipangilio.lua. Mchezo bado unasoma mipangilio.lua."

Akajibu neno moja: "Kalale."

Sikulala. Niliwasha upya kompyuta. Niliondoa LÖVE, nikaipakua tena, nikaisakinisha upya. Nikabadilisha jina la folda ya mradi. Hili la mwisho lilikaribia kuniokoa, na linaniuma mpaka leo. Usipoweka t.identity kwenye conf.lua, faili ya mradi inayoiambia LÖVE iuwasheje mchezo, LÖVE hutumia jina la folda yako kama utambulisho wa mchezo. Kama nisingeiweka, kwa kubadilisha jina la folda tu mwewe angepotezana na ile namba yake ya siri palepale. Lakini mimi ni mtu wa mpangilio, nilishaweka t.identity = "kuku_mwewe" tangu siku ya kwanza. Nidhamu ikaniponza.

Nikaamua kutumia print, amri ya kuandika ujumbe ili uone kodi imefika wapi. Nikazipanda kila mahali: print("nimefika hapa"), print("na hapa pia"), print("mwewe wewe ni nani"). Hakuna kilichoonekana, kwa sababu kwenye Windows love.exe haina dirisha la maandishi. Unachokiprinti kinakwenda hewani. Ama uweke t.console = true ndani ya conf.lua, ama uendeshe lovec.exe badala ya love.exe, iko kwenye folda ileile, imekaa kimya ikikusubiri. Nilizungumza na ukuta kwa muda wa kutosha kabla sijakumbuka hilo.

Nilipofungua kwa lovec, nikaandika mstari ambao ningeuandika tangu mwanzo usingizi ungekuwa wangu:

print(love.filesystem.getRealDirectory("mipangilio.lua"))

Amri hiyo haikuulizi unadhani faili iko wapi. Inakuambia imeikuta wapi. Jibu likaja: folda ya AppData, ndani ya Roaming, ndani ya LOVE, ndani ya kuku_mwewe. AppData Windows huificha, kwa hiyo hata ukipekua folda zako za kawaida huioni mpaka uwashe kuonyesha vilivyofichwa, au uandike %appdata% kwenye upau wa anwani. Nikaingia. Mle ndani kulikuwa na faili mbili: alama.txt, ambayo niliitarajia, na mipangilio.lua, ambayo sikuitarajia. Nikaifungua.

kasi_mwewe = 240

Hapo kumbukumbu ikarudi, polepole, kama deni. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimeandika vitufe vya majaribio: mshale wa juu uongeze kasi ya mwewe wakati mchezo unaendelea, mshale wa chini upunguze, na F5 ihifadhi namba za wakati huo kwa love.filesystem.write("mipangilio.lua", maandishi). Nilipandisha mwewe mpaka 240, nikabonyeza F5, nikafungua faili ya mradi, nikakuta bado 120. Nikasema kuhifadhi hakufanyi kazi, nitarekebisha siku nyingine. Kumbe kulifanya kazi vizuri sana. LÖVE haikuruhusu uandike ndani ya folda ya mchezo kupitia love.filesystem, kila unachoandika kinakwenda kwenye folda ya hifadhi. Windows ni hiyo niliyoitaja. Linux ni ~/.local/share/love na jina la utambulisho. MacOS ni Library/Application Support/LOVE. Na wakati wa kusoma, folda ya hifadhi ndiyo inayotazamwa kwanza. Faili mbili zikiwa na jina moja, ya hifadhi inashinda na ya mradi inakuwa pambo.

Kwa hiyo jioni nzima nilikuwa nahariri faili ambayo hakuna aliyekuwa anaisoma. Niliitukana, nikaivunja, nikaiua, nikamwaga na majivu yake, na mwenzake wa AppData hana habari. Kuondoa LÖVE nako hakukusaidia kwa sababu folda ya hifadhi haiguswi. Hiyo ni mali ya mchezaji, na kwa kweli ungekasirika kama ingefutwa na alama zako.

Tukafikiria dawa. Kuna t.appendidentity = true kwenye conf.lua, inayogeuza zamu ili folda ya mchezo itazamwe kwanza. Inavutia, ila ukiweka hivyo mchezaji akihifadhi mipangilio yake kwa jina lilelile, itafunikwa na ya kwako na hataiona kamwe. Ungekuwa umemhamishia jini mwenzako. Tukaona ni heri majina yawe mawili: mipangilio.lua ibaki ya mradi, na F5 iandike binafsi.lua. Mchezo unasoma ya kwanza, halafu unauliza love.filesystem.getInfo("binafsi.lua"), ikiwepo, namba zake zinapita juu. Mistari sita. Nikafuta ile ya AppData kwa mkono wangu mwenyewe, nikarudisha 120, mwewe akaruka kiungwana.

Asubuhi, kwa furaha, nikafunga mchezo kuwa .love nikamtumia. Faili ya .love ni zip tu iliyobadilishwa jina. Nilibofya folda ya mradi, nikaifunga, nikatuma. Kwake ikagoma kwa maelezo kamili: hakuna kodi ya kuendesha, huenda mchezo umefungwa vibaya, hakikisha main.lua iko juu kabisa ndani ya zip. Nilikuwa nimefunga folda badala ya vilivyomo, kwa hiyo main.lua ilikaa ngazi moja chini. Unaingia ndani ya folda, unachagua vyote, unafunga hivyo. Nikafunga tena, ikawaka, ikafa: picha/mwewe.png haipo.

"Ipo," nikamwambia. "Naiona."

"Unaona Mwewe.PNG," akasema.

Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali. Nilichokuwa sijui ni kwamba ndani ya .love hata Windows inajali, maana anayesoma sasa ni maktaba ya zip na siyo diski yako. Ningeijaribu .love mwenyewe kabla ya kutuma ningeumbuka peke yangu. Tangu siku hiyo picha zetu zote ni herufi ndogo, bila nafasi, bila mjadala.

Nikarekebisha jina, nikapandisha git, akavuta mradi wote. Nikasubiri pongezi.

"Kaka, mwewe hasogei."

"Vuta tena."

"Nimevuta. Yuko palepale ukingoni, anapepesa mabawa tu."

"Kwangu anaruka."

"Kwangu haruki. Nimeweka kasi 120. Nimeweka 500. Sasa hivi nimeweka 9000, na bado."

Nikashika kinanda niandike jibu, mkono ukasimama hewani. *Hata nimebonyeza F5 mara mbili kuhakikisha.* Yeye alidhani ni F5 ya kivinjari, ya kupakia ukurasa upya. Aliibonyeza wakati kasi ni 0, na kodi ya zamani ikaiandika 0 hiyo kwenye folda yake ya hifadhi, kwa jina la zamani, mara mbili kwa uhakika zaidi. Dawa yetu mpya ilizuia mizimu mipya tu. Yule aliyekwisha zaliwa alikuwa bado anasomwa kabla ya faili ya mradi.

Tiba ilikuwa mstari mmoja wa kufuta faili: rm ~/.local/share/love/kuku_mwewe/mipangilio.lua. Nilishauandika. Nikautazama. Nikaufuta, nikaandika mwingine:

"Hebu jaribu kuifuta kabisa mipangilio.lua kwenye mradi, halafu washa."

Kimya cha kama dakika mbili.

"Kaka."

"Naam."

"Nimeifuta."

"Enhe."

"Mchezo umewaka."

"Kalale," nikamwambia.