Afisa Tathmini Anamfanyia Nani Kazi?

Mwezi Juni 2023, Shirika la Misaada la Marekani, USAID, pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, yalisimamisha ugawaji wa chakula cha msaada katika Ethiopia nzima, wiki kadhaa baada ya kuusimamisha katika jimbo la Tigray. Uchunguzi ulikuwa umebaini kwamba nafaka iliyotolewa kwa ajili ya wenye njaa ilikuwa ikiishia kwenye vinu vya kusaga na sokoni, kwa mpango uliowahusisha watu wengi. Wakati huo zaidi ya watu milioni 20 nchini humo walikuwa wakihitaji msaada wa chakula. Wakimbizi walianza kupata mgao tena mwezi Oktoba, na raia wengine mwishoni mwa mwaka, baada ya walengwa kuandikishwa upya kwa mfumo wa kidijitali na viongozi wa serikali za mitaa kuondolewa katika kazi ya kuamua nani apewe. Mapema mwaka 2024, ofisi ya Ethiopia inayoshughulikia malalamiko ya wananchi iliripoti kwamba karibu watu 400 walikuwa wamekufa kwa njaa katika majimbo ya Tigray na Amhara katika miezi iliyotangulia. Ukame na uharibifu wa vita vilivyomalizika Novemba 2022 vilichangia vifo hivyo, lakini ni vigumu kuamini kwamba ghala zilizofungwa hazikuchangia chochote.

Kwa watu wanaofanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini katika misaada ya kibinadamu, yaani kupima kama msaada unawafikia walengwa na unawafaa, hakuna tukio la miaka ya karibuni linaloibua swali gumu zaidi ya hili: tunamfanyia nani kazi, mfadhili au mlengwa? Wizi uligunduliwa, ushahidi ukakusanywa, hatua zikachukuliwa na mfumo ukarekebishwa. Kwa maandishi ya mkataba wowote wa ufadhili, huo ni ufuatiliaji uliofanikiwa. Hata hivyo, waliobeba gharama ya mafanikio hayo ni walewale walioibiwa. Aliyeuza magunia hakulala njaa hata siku moja kwa sababu ya ripoti hiyo. Aliyelala njaa ni mama aliyekuwa na kadi halali, ambaye huenda alijua miezi mingi nyuma ni nani aliyekuwa akibeba magunia usiku, lakini hakuwapo mtu aliyemuuliza akiwa na uwezo wa kumlinda baada ya kujibu.

Hata hivyo, wanaotetea ufuatiliaji unaomjibu mfadhili wana hoja nzito, na historia ya eneo letu la Maziwa Makuu inawaunga mkono. Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma katika muda wa siku chache. Mashirika mengi yalifika, kila moja na bendera yake na utaratibu wake, na katika mwezi wa kwanza takriban watu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Tathmini ya pamoja iliyochapishwa mwaka 1996, ambayo nchi nyingi wafadhili zilishiriki, ilieleza bila kuficha kwamba mashirika yalikosa uratibu na kwamba misaada ilitumiwa kuziba pengo la uamuzi wa kisiasa ambao mataifa makubwa hayakutaka kuufanya. Kutokana na mjadala huo ulizaliwa mradi wa Sphere mwaka 1997, ambao viwango vyake vinatumika hadi leo: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kisichotumiwa na zaidi ya watu 20 pale hali ya dharura ya mwanzo inapopita.

Viwango hivyo vina thamani ambayo mtu wa nje anaweza asiione. Vinampa afisa mdogo wa ufuatiliaji, aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi sita, hoja ya kusimama nayo mbele ya meneja anayetaka kuandika kwamba kambi ina maji ya kutosha. Bila kipimo kilichokubaliwa, "ya kutosha" huwa ni neno la mwenye cheo. Vilevile, pale ambapo hakuna hesabu, mgao humfuata anayemjua kiongozi wa mtaa, na wajane, wazee na watu wa makabila madogo hubaki mwisho wa foleni. Kwa hiyo anayesema tuachane na namba tuwasikilize watu tu, hajafikiria ni watu gani husikika kwanza pale namba zinapoondoka.

Tatizo linaanza pale kipimo kinaposafiri mbali na nyumba kilikochukuliwa. Chukulia kipimo maarufu cha ulaji wa kaya, kinachotumiwa na WFP na mashirika mengi. Mdodosaji anauliza ni siku ngapi kati ya saba zilizopita kaya imekula kila kundi la chakula. Kila kundi lina uzito wake: nyama, samaki na mayai ni 4, maziwa 4, mikunde 3, nafaka 2, mboga 1, matunda 1, sukari na mafuta nusu nusu. Sasa ifikirie kaya moja katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambayo imekula ugali na maharage yenye mafuta kidogo kila siku kwa wiki nzima. Nafaka inaipa alama 14, mikunde 21, mafuta 3.5. Jumla ni 38.5. Mpaka wa ulaji "unaokubalika" ukiwekwa kwenye 35, kaya hiyo iko salama. Ukiwekwa kwenye 42, kama inavyoshauriwa mahali ambapo watu hutumia mafuta au sukari karibu kila siku, kaya hiyohiyo inashuka daraja, ingawa hakuna hata punje iliyobadilika ndani ya sufuria. Uamuzi wa kutumia mpaka upi hufanyika ofisini, na unaweza kuhamisha maelfu ya kaya kutoka kundi moja hadi jingine kwa siku moja.

Kuna jambo zaidi. Mama wa kaya hiyo akiuza sehemu ya unga ili anunue dagaa, akawapika mara mbili katika wiki, alama zake zinapanda hadi 46.5, kwa sababu kipimo kinahesabu siku na hakihesabu kiasi. Huenda watoto wake wamepata chakula bora, na huenda pia sahani zao zimepungua ujazo. Wakati huohuo, kwenye ukurasa mwingine wa dodoso, kuuza unga kunaandikwa kwenye kipengele cha matumizi ya mgao, na kwa msomaji aliye mbali huonekana kana kwamba mgao ulikuwa umezidi mahitaji. Mdodosaji mzuri huyaona haya yote kwa dakika chache akiwa amekaa mkekani. Anaona gunia lililolegea, anamsikia mama akisema kwamba yeye na mumewe wanakula mara moja ili watoto wale mara mbili, na analijaza hilo kwenye swali la mbinu za kukabiliana na uhaba. Lakini maelezo yanayoziunganisha namba hizo tatu, yaani kwa nini aliuza, alipata nini na alijinyima nini, hayana kisanduku kwenye kishikwambi. Yakifika kwenye ripoti ya robo mwaka, hufika kama nukuu moja ndani ya fremu yenye rangi, karibu na picha.

Majibu yenyewe pia yanahitaji kusomwa kwa uangalifu kuliko tunavyoyasoma. Mtu anapofika mlangoni akiwa amevaa kizibao chenye nembo ya shirika linalotoa chakula, kisha akauliza kama umeridhika na huduma, adabu inajibu kwanza, hofu inafuata, na ukweli unakuja mwisho ukipewa nafasi. "Tunashukuru sana, Mungu awabariki" ni jibu la mtu mwenye busara ambaye jina lake liko kwenye orodha. Kuliingiza jibu hilo kwenye jedwali kama asilimia ya kuridhika ni kujidanganya.

Mfano unaonipa matumaini, na papo hapo kunihuzunisha, unatoka Kongo Mashariki, miongoni mwa watu wanaozungumza Kiswahili. Wakati wa mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walifariki. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita mitaani wakiandika maswali, uvumi na malalamiko kwa maneno ya watu wenyewe, kisha maelezo hayo yakapangwa kwa makundi na kupelekwa kwenye vikao vya uratibu. Familia zilikuwa zikisema kwamba viungo vya ndugu zao vinaibwa, na kwamba hazijui nani yuko ndani ya mfuko unaozikwa. Badala ya kuongeza mabango ya kukanusha uvumi, wahusika walileta mifuko ya maiti yenye sehemu angavu ili familia imwone mtu wake kabla ya maziko. Huo ni ufuatiliaji kwa maana yake kamili: mtu alisema, jambo likabadilika wakati kazi ikiendelea, na aliyesema akaona.

Katika operesheni hiyohiyo, yenye takwimu za kila siku za wagonjwa, chanjo na maziko, wanawake walikuwa wakidaiwa ngono ili wapewe kazi. Mambo hayo yalifichuliwa Septemba 2020 na waandishi wa habari waliokusanya ushuhuda wa wanawake 51 wa Beni. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake mwaka uliofuata na kuwataja watuhumiwa 83, wakiwamo 21 walioajiriwa na shirika hilo lenyewe. Hakuna kiashiria kilichoshuka, wala jedwali lililobadilika rangi. Namba za simu za malalamiko na masanduku ya maoni yanategemea mlalamikaji aamini kwamba malalamiko yake hayatamfikia bosi anayemlalamikia, na wanawake wale hawakuwa na sababu ya kuamini hivyo.

Wengine hujibu kwamba dawa ni kuleta watathmini wa nje. Nchini Somalia, ambako maeneo mengi hayafikiki na wafanyakazi wa mashirika, kampuni za ufuatiliaji wa watu wa tatu zimekuwa zikiajiriwa kwa miaka mingi kuhakiki ugawaji, kupiga picha na kuwapigia simu walengwa. Hoja yao ina uzito: mtu asiyelipwa na mradi ana sababu ndogo ya kuupamba. Lakini analipwa na anayetaka ripoti, hukaa siku chache na kuondoka, na mara nyingi huwategemea wasimamizi walewale wa kambi wamwonyeshe kaya za kuhoji. Naona uhuru wa mtathmini una maana kubwa kwenye maswali ya wizi na unyanyasaji, na maana ndogo kwenye maswali ya iwapo maharage yanaiva au kisima kiko mbali. Kuyachanganya maswali hayo mawili katika dodoso moja lenye maswali 90 kunayaharibu yote mawili.

Suala hili limekuwa la haraka tangu mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985 baada ya njaa kuu ya Ethiopia ili kutoa tahadhari ya mapema, uliondolewa hewani pale Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kabla ya kurejea kwa sehemu katikati ya mwaka. Kufikia Julai USAID yenyewe ilikuwa imefungwa na shughuli zilizobaki kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Bajeti zinapokatwa namna hii, idara ya ufuatiliaji hupunguzwa mapema, na kinachosalia ni kile ambacho mfadhili aliyebaki anakidai kwenye mkataba. Wenye kutetea uamuzi huo husema kila shilingi inayotumika kuhesabu ni shilingi isiyonunua unga, na kwa kaya inayopata nusu ya mgao hoja hiyo haiwezi kupuuzwa.

Kama ni lazima kukata, basi tathmini kubwa za mwisho wa mradi, ambazo hukamilika walengwa wakiwa wameshahamishwa au mradi umeshafungwa, zipunguzwe kwanza, pamoja na maswali ambayo hakuna mtu ofisini anayeweza kutaja uamuzi uliowahi kufanywa kwa majibu yake. Wabaki wadodosaji wanaoijua lugha ya kambi na wanaorudi nyumba ileile mwezi ujao, na ibaki njia ya malalamiko iliyo mikononi mwa chombo kisichoajiriwa na shirika linalolalamikiwa. Mfadhili atapoteza majedwali kadhaa ya kulinganisha mwaka hadi mwaka, na hasara hiyo ni ya kweli, kwa sababu bila mfululizo wa takwimu ni vigumu kuonyesha bungeni kwamba fedha zilifanya kazi, na bunge lisiloonyeshwa hukata zaidi. Mikataba mipya inayoandikwa sasa inaweza kutaja jambo hili waziwazi: kwamba wizi ukigunduliwa, mgao utaendelea kupitia njia nyingine wakati uchunguzi ukifanyika, na kwamba mpango wa njia hiyo, pamoja na bajeti yake, utakuwa umeandaliwa kabla ya gunia la kwanza kushushwa.