Mfumo Haukutambui, Baba

Jana jioni nimejilaza kifudifudi mkekani, kwa sababu nitakazozieleza kwa heshima zake, simu ikaingiza ujumbe. Nikadhani mteja kaamua kulipa. Wapi! "Ndugu mteja, asante kwa kutumia huduma zetu. Tathmini huduma uliyopata: 1 mbaya, 5 nzuri sana." Tathmini haikunikera. Kilichonikera ni kwamba ujumbe umekuja kwenye namba yangu. Hii hii! Ambayo asubuhi nzima mfumo wao uliapa kwamba hauijui na haujapata kuiona.

Basi ngoja niseme na nyinyi, maana mama watoto keshachoka kunisikiliza, kahamia kwa jirani.

Nina jipu. Nilikuwa nalo, tuseme. Limeota sehemu ambayo mtu mwenye wajukuu, mjumbe wa kamati ya misiba ya mtaa, haitaji hadharani. Itoshe kusema kwamba sikai. Ndani ya daladala siti tupu zipo, mimi nimening'inia kwenye bomba, konda ananibembeleza mzee kaa, namjibu nashuka hapo mbele. Hapo mbele yangu ilianzia Rangi Tatu ikaishia Mtongani.

Getini hospitali mlinzi akanitazama mara moja tu, akaninyooshea dirisha lenye bango la kumpisha mzee. Wazee ni miaka 60. Mimi sijafika. Nikampita kimya, ingawa dirisha lile lilikuwa na bibi mmoja na fimbo yake, na foleni yetu ilikuwa imetoka nje ya jengo ikakata kona kwenye mwembe.

Bima ya afya niliyoendea pale ni ya mama watoto. Ni mwalimu wa serikali, mshahara wake unakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3, halafu kwenye kadi tunaingia yeye, mimi na wategemezi wanne. Mimi nimeandikwa mwenza. Tangu siku ile, chumvi ikizidi kwenye mboga na nikasema neno, naambiwa, "Kula, mwenza."

Nikafika dirishani. Sasa anayejenga haya madirisha ya hospitali, na mimi ni fundi, najua ninachokisema, sijui huwa anampimia nani. Kioo kizima kizima, halafu katundu ka kuongelea kamekatwa usawa wa kitovu. Ukitaka kusikika uiname. Mimi, na jipu langu, niiname.

"Tatizo nini, baba?"

"Jipu."

"Sikusikii, baba."

"Jipu!"

"Wapi?"

Nikageuka. Nyuma yangu kuna akina mama na watoto mgongoni, kuna vijana wa bodaboda, na kuna mama mmoja nilimpigia vigae vya sebule tangu mwezi wa Ramadhani na hela yangu hajamalizia. Nchi hii ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Ya mwaka 2022, ikaanza kazi Mei 2023, mama watoto alinisomea mwenyewe: taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Nikakusanya sauti yangu ya kwenye vikao.

"Nyuma."

"Nyuma ya nini, baba?"

"Nyuma yangu mimi mwenyewe!"

Foleni ikatulia kabisa. Hata watoto. Yule mama wa vigae akanipa pole, na kwa jinsi alivyoitamka nikajua hela ile ndiyo imekwenda.

"Haya, weka kidole gumba hapo tuhakiki bima."

Kuna kidude kina taa nyekundu chini ya kioo. Nikaweka. Kikalia. Binti akasema bonyeza. Nikabonyeza. Usibonyeze sana. Nikalegeza. Toa, futa, weka. Nikafuta kwenye shati. Weka kile kingine. Tukahamia shahada, tukahamia mkono wa kushoto. Mlinzi naye kaacha geti kaja: "Mzee, sugua puani kwanza, pua ina mafuta." Nikasugua pua, mbele ya kadamnasi. Kikalia. Mama mmoja akatoa mafuta ya mgando kwenye mkoba wa mtoto, akanipaka mwenyewe kidole kwa kidole, huku ananiambia nitulie. Kijana mwenye begi la chuo akasema mafuta ndiyo yanaharibu, inatakiwa spiriti. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mafuta au spiriti, na kila upande una wafuasi, mimi mikono nimeinyoosha juu inang'aa.

"Baba, kwani unafanya kazi gani?"

"Fundi ujenzi."

"Aaa! Saruji imekula alama."

Ndiyo ugonjwa wa kwanza niliotajiwa siku ile, na sikupata mwingine wa kweli mpaka saa nane mchana. Maana ni kweli. Saruji mbichi inachoma ngozi taratibu, huisikii, na miaka thelathini ya kuchota udongo na mchanga kwa mkono inakuacha na vidole laini, havina hata mstari mmoja. Nikamwambia, binti yangu, hilo jengo unalolikalia, plasta ya ukuta wa upande wa choo ni kazi ya mikono hii. Alama zangu mnazo. Mzibandue ukutani mzisome.

Hakucheka. Akasema, "Mfumo haukutambui, baba. Tujaribu sura."

Sura! Kuna kamera ndogo. Vua kofia. Vua miwani. Inua kidevu. Baba, usikunje uso. Nikamwambia huu ndio uso wenyewe, ukiwa na jipu uso unakunjika wenyewe. Kompyuta ikatafuta, ikatafuta, ikakataa. Binti akaigeuza skrini kidogo, nikaiona picha waliyonayo ya siku tuliyochukua kadi. Kijana mmoja ana nywele, mashavu yamejaa, anatabasamu. Hata mimi nisingempa matibabu mtu huyu kwa kadi ya yule. Mama wa mafuta akachungulia akasema, "Baba, ulikuwa mzuri!" Ulikuwa.

Wakampigia mwanachama mkuu, yaani mke wangu. Spika imefunguliwa. "Mwalimu, tunaulizia kuhusu mumeo." Nikasikia darasa zima la nne linanyamaza. Mke wangu wa ndoa, bila hata salamu: "Amefanya nini tena?"

Akanithibitisha, lakini kumbe uthibitisho wa mke hauna nafasi kwenye mfumo, hakuna kitufe chake. Kilichopo ni kutuma namba za siri kwenye simu iliyosajiliwa. Nikatoa simu, nikasubiri. Haiji. Binti ananionyesha: imeshatumwa, namba hii inaishia 46. Nikajishika kiuno. Ile namba ilishakufa! Mnakumbuka Januari 2020, laini zilipokuwa zinafungwa kama hujasajili kwa alama za vidole? Mimi vidole ndivyo hivi. Nilipanga foleni kwenye vibanda vya mawakala wa Mbagala nzima, vikagoma, laini ikafungwa. Ninayotumia sasa imesajiliwa kwa kidole cha mama watoto. Ya zamani wamemuuzia mtu mwingine, huko aliko.

"Basi mpigie huyo mtu akusomee," akasema binti, kwa moyo safi kabisa.

Sasa hebu jiwekeni mimi. Nikapiga. Ikapokelewa.

"Haloo, shikamoo au habari ndugu yangu. Hunifahamu. Kuna ujumbe umeingia kwenye simu yako sasa hivi, una namba sita. Naomba unisomee hizo namba."

Kimya. Nikasikia jogoo kwa mbali.

"Wewe ni nani?"

"Niko hospitali, ndugu yangu, naumwa."

"Unaumwa nini?"

Nikatazama foleni. Foleni ikanitazama. "Jipu," nikasema.

"Mwaka jana mlinipigia mwanangu kazimia shuleni nitume hela ya dripu. Sasa hivi mmefika kwenye majipu?"

Binti akainyakua simu anisaidie. "Kaka, mimi ni mhudumu wa hapa hospitali..." Jamaa akamkatiza: "Wewe sauti yako naijua! Wewe ndiye ulisema nimeshinda pikipiki!" Akakata. Dakika haikupita akatuma ujumbe: MUNGU ANAWAONA.

Ndipo mtandao ukakatika. Hospitali nzima ikasema "aaah!" kwa pamoja, na mimi nikasema alhamdulillahi peke yangu, kwa sababu mtandao ukikatika wanatoa lile daftari la kaunta lenye jalada gumu. Jina? Umri? Chumba namba tano. Ukisikia nimemaliza kabla kalamu haijapoa, ndiyo hivyo. Foleni yote ikayeyuka kwa Biki ya bluu.

Chumba namba tano daktari ni kijana, mwenyewe peke yake, na wagonjwa wamejaa korido. Simlaumu sana. Kompyuta imemkalia mbele, anachapa kwa vidole viwili, mithili ya kuku anayedonoa mtama, na kila nikisema neno moja anadonoa saba. Hakunitazama. Nikasema jipu, akadonoa. Nikasema linapiga, akadonoa. Akaniandikia mkojo na damu ya taifodi. Mkojo! Jamani, Dar es Salaam hii hatoki mtu hospitali bila UTI. Umeteguka mguu, UTI. Umefukuzwa kazi, UTI na taifodi kidogo. Na hicho kipimo chao cha taifodi, wenyewe wataalamu kila siku wanakisema kwamba mtu mzima na afya yake anaweza kuonekana anayo, lakini hakuna anayekiacha, na majibu yakitoka ni sindano na vidonge vya rangi mbili, halafu kesho wanatuhutubia kwamba sisi wananchi tunatumia antibiotiki ovyo, vijidudu vimekuwa sugu. Sisi! Anayeniandikia ni nani?

Nilisema simlaumu sana yule daktari kijana, na bado simlaumu. Mwaka 2001 wakuu wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Wajukuu wangu hawakuwapo, mama yao alikuwa chekechea. Nchi nyingi mpaka leo ahadi hiyo zinaitazama tu. Halafu Bunge likatuletea mwaka 2023 sheria ya bima ya afya kwa wote. Naiunga mkono. Naunga mkono kwa mikono yote miwili isiyosomeka. Lakini hao wote si ndio mimi? Mimi si nipo pale, mwili mzima, umesimama kwa sababu hauwezi kukaa, ugonjwa ninao, ukiugusa unaruka, na hakuna hata mmoja aliyesema hebu tuone hilo jipu! Wanataka kidole! Kidole hakiumwi! Machi 2024 mfuko wa bima na hospitali za binafsi waligombania bei za kitita, yaani orodha ya huduma anazolipiwa mwenye kadi, hospitali zikawafungia wenye kadi milango, tukasema hayo ni mambo ya wakubwa. Haya na hili la kidude chenye taa nyekundu ni la nani?

Nimepandisha sauti, samahani. Hata mama wa jirani kachungulia dirishani.

Aliyelitazama ni nesi mmoja mtu mzima, wa chumba cha vidonda, miezi michache astaafu. Akaniambia, "Lala, kaka." Akatazama. Akasema hili limeiva, dawa yake ni kupasuliwa litoke usaha, vidonge peke yake vingelizungumza nalo tu. Akanichoma ganzi, akapasua, akasafisha, akalijaza bandeji ndani. Nilitoa sauti moja ambayo sitaieleza. Bandeji za kubadilishia zimeisha, kanunue nje. Nje, duka la kwanza hawapokei bima, la pili wanapokea ila, mnajua wenyewe, mtandao. Nikatoa hela mfukoni.

Kijana wa jirani, huyu anayesoma mambo ya kompyuta, kaniambia ningeiuliza akili mnemba. Ameiuliza yeye, ikamletea magonjwa tisa, mawili yanaua. Nikamwambia, hata mbu wa malaria hajawahi kunitisha hivyo.

Saa mbili usiku simu ikalia tena. Inaishia 46. Nikaiacha ilie, ikarudi. Ni yule jamaa. Sauti imepoa. Anasema ujumbe ameusoma vizuri, kweli umetoka hospitali, amekosa raha mchana kutwa, sasa aniombe radhi na anisomee zile namba. Na akanisomea! Moja moja, kwa kituo, na nikazirudia, kwa sababu singeweza kumwambia zimeshakufa tangu asubuhi. Akauliza jipu linaendeleaje. Nikamwambia. Yuko Mbozi, analima kahawa. Akauliza na wewe kazi yako nini, nikasema fundi ujenzi, basi hapo tukawa ndugu. Ana msingi wa vyumba vitatu, fundi wake katoroka na nondo. Nikamuuliza udongo wa huko ukoje, akasema mwekundu, kiwanja kina mteremko. Mawe kapanga bila kuchimba hadi chini, zege la mkanda hakuna. Nikamwambia hapo huna msingi, una foleni ya mawe. Akanisihi niende nikaone. Nikasema kidonda kikifunga nitakuja, wewe nitumie tu nauli ya basi na kidogo ya kuanzia, kwenye namba hii hii.

"Namba hii?"

"Ndiyo. Jina litakuja la mwanamke, usishtuke."

Akakata.

Sasa msingi ule, mvua zikianza, asije akanipigia.