Ufa wa kwetu hauna kibao

Jumapili nilikwenda Þingvellir, hapa Iceland, na wenzangu wa kazini. Kutoka Reykjavík hata saa moja haiishi. Unapita katikati ya kuta za mawe meusi, na vibao vinakueleza kwamba mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana hapo, kama sentimita 2 kila mwaka. Mwenzangu mmoja, kwa wema kabisa, akaniambia, "Kwenu ardhi imetulia, hii lazima ikushangaze."

Nilinyamaza, lakini moyoni niliungua. Mimi ni wa Bukoba jamani.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitupiga. Mtaa wa Hamugembe nyumba zililala chini. Shule za Ihungo na Nyakato wanafunzi wakakosa pa kusomea. Watu zaidi ya 15 walikufa. Ukuta wa nyuma wa shangazi yangu ulipasuka kutoka msingi hadi kwenye paa, tukalala migombani tukisikiliza mitikisiko midogo iliyofuata. Siku zote zile hakuna aliyefika mtaani kwetu kutueleza kilichotokea. Tulihesabiwa tu.

Kidato cha pili nililichora Bonde la Ufa, nikakariri faida zake: maziwa, magadi, utalii. Alama nilipata. Kwamba kile nilichokichora kinatembea hadi leo, sikuambiwa. Wala sikuambiwa kwamba sisi tumekaa kati ya mikono yake miwili, wa mashariki unaopita Naivasha na Natron, na wa magharibi unaopita Kivu na Tanganyika. Hata Ziwa Victoria ni kazi yake. Zamani maji ya Kagera yalielekea magharibi. Ardhi ya upande ule ikainuka, ikayarudisha, yakajaa hapo tunapovua sato. Mhaya gani hangependa kujua hilo tangu utotoni?

Hapa mtoto anajua. Kila mtikisiko, hata usiousikia mwilini, unaonekana kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaifungua kwenye simu. Usiku wa tarehe 10 Novemba 2023 mji wa Grindavík, watu karibu 3,800, ulihamishwa wote kwa sababu zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto, ilikuwa inajipenyeza chini yao. Mlipuko ulikuja tarehe 18 Desemba.

Najua nitakachojibiwa. Kashapanda ndege, sasa anatusimanga. Wao ni matajiri, tena hawafiki hata 400,000. Sawa. Lakini Kenya nayo si Iceland, na mvuke wa Olkaria unazalisha umeme tangu 1981. Wakenya wengi walikuja kusoma jotoardhi hapahapa, wakarudi kwao kuchimba. Na kumwambia mtu ukweli kuhusu ardhi anayolalia kunahitaji utajiri gani?

Mwingine atasema nimesahau kwetu. Nisahau vipi? Mlima Lengai kule kwetu ndiyo volkano pekee duniani inayotoa zaha ya kaboneti siku hizi, inatoka nyeusi halafu inageuka nyeupe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ukisimama ukingoni mwa bonde letu kule Manyara, Þingvellir unaiona uchochoro. Ningempeleka yule mwenzangu akaone. Kinachoniuma ni kwamba utukufu wote huo tumewaachia watalii, na sisi wenyewe tunaukumbuka siku ya mazishi.

Shangazi alijenga upya kwa tofali za kuchoma na tope, kama mwanzo, kwa sababu fundi ndivyo anavyojua. Hakuna lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta. Juzi nilimpigia nikamweleza habari za mabamba, polepole, nusu Kihaya nusu Kiswahili. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, litarudi?"

Nikamwambia litarudi, siku hakuna aijuaye. Jioni hiyo nikamtumia hela ya nondo na saruji, na namba ya fundi wa Kashai anayejua kufunga lenta. Wanaanza na ukuta wa nyuma.