Askofu mkuu wa akiba

Siku hizi askofu Mkatoliki akifikisha miaka 75 anamwandikia Papa barua ya kuomba kustaafu. Sasa mcheki Theodore wa Tarso, wa karne ya saba, ndiyo, Tarso ile ile ya Mtume Paulo, yeye uaskofu mkuu wa Canterbury, Uingereza, kaupata akiwa na miaka 66, na wala hakuwa padri, hata ushemasi hana, mmonaki tu wa Kigiriki yuko zake Roma na vitabu vyake.

Na hakuwa chaguo la kwanza. Waingereza walimtuma padri Wighard aje Roma awekwe wakfu, akafika, tauni ikamuua yeye na karibu wote aliokuja nao. Papa Vitalian akamwita Hadrian, abate mmoja wa karibu na Naples, Bede, mmonaki wa Kiingereza aliyeandika historia hii, anasema alikuwa mtu wa Afrika (kwa Warumi hiyo ni Afrika ya kaskazini), jamaa akakataa akamtaja mmonaki Andrew, Andrew afya mbovu, Papa akarudi tena kwa Hadrian, ndo Hadrian akasema basi chukueni huyu mzee Theodore. Papa akakubali ila kwa sharti, we Hadrian utamsindikiza, na uwe unamwangalia asije akawaletea watu mambo ya Kigiriki huko. Yaani umekwepa kazi halafu unapewa kazi ya kumlinda aliyeichukua!

Hapo bado nywele. Kichwa chote kilikuwa kimenyolewa kwa mtindo wa Mashariki, kwa hiyo ikabidi asubiri miezi minne ziote ili anyolewe Kirumi, utosini tu, ibaki duara kama taji. Akawekwa wakfu Machi 668, Mei akaanza safari, akaingia Canterbury Mei 669, mwaka mzima njiani.

Watu wakimsifia wanaanza na shule aliyoiendesha na Hadrian pale Canterbury, Kilatini, Kigiriki, Maandiko, nyota, hesabu za kalenda, sawa, ilikuwa shule kweli. Ila mimi naona kilichombeba zaidi ni kwamba hakuwa mtu wa mtu. Uingereza ya wakati ule ni falme kibao zinazopigana, askofu mzawa lazima ana mfalme wake, ana ukoo wake, huyu mzee hana shangazi wala mjomba kule. Mwaka 679 falme za Mercia na Northumbria zilipigana mtoni Trent akauawa Ælfwine, mdogo wake mfalme Ecgfrith wa Northumbria, damu ilikuwa inakwenda kulipwa kwa damu, Theodore akaingia kati, wakakubaliana ilipwe fidia, vita ikaishia hapo.

Simfanyi malaika. Mwaka 678 aliligawa jimbo la askofu Wilfrid kule York bila ridhaa ya mwenyewe, mwenzake akaenda kushtaki Roma, na hilo kwangu ni kosa hata kama jimbo lilikuwa kubwa kupita kiasi. Walikuja kupatana mzee keshapita 80.

Lakini kuna askofu mmoja, Chad. Huyu uaskofu wake ulikuwa na kasoro, Theodore akamwambia, Chad akajibu kwa upole kwamba hata yeye hajawahi kujiona anastahili, yuko tayari kuuacha. Mzee akalainika, akamrekebishia daraja, akampa jimbo la Mercia. Chad alizoea kwenda kwa miguu vijijini, Theodore akamwambia safari ndefu panda farasi, Chad hataki, basi askofu mkuu, zaidi ya miaka 65 mgongoni, akambeba kwa mikono yake mwenyewe akampandisha.

Alifariki Septemba 690, ana miaka 88. Na Hadrian aliyetumwa kusindikiza tu? Akawa abate hapo hapo Canterbury, akaendelea kama miaka 20 baada ya mzee kuzikwa, kiti chenyewe hakukikalia kamwe.