Usugu wa kifua kikuu: mashine ya haraka isifunge chumba cha kuotesha

Makohozi yaliyotolewa asubuhi huchanganywa na kimiminika maalumu, yakatikiswa, yakaachwa dakika 15, kisha yakatiwa kwenye katriji na kuingizwa katika mashine ya GeneXpert. Saa mbili haziishi kabla majibu hayajatoka: vimelea vipo au havipo, na kama vipo, vimeota usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kutibu kifua kikuu, au la. Kabla Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaidhinisha kipimo hiki Desemba 2010, habari ya usugu mara nyingi ilisubiri vimelea vioteshwe maabara pamoja na dawa, ionekane kama vinakufa au vinaishi, na vya kifua kikuu huota polepole mno. Wiki nenda rudi mgonjwa alikuwa akimeza dawa isiyomfaa, akilala chumba kimoja na wanawe.

Wapo wanaosema faida hiyo imekuzwa. Hutaja utafiti uliofanyika Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, matokeo yakatolewa 2014: wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ileile, lakini miezi kadhaa baadaye hali zao hazikupishana na za waliopimwa kwa hadubini. Madaktari walikuwa tayari wakiwaanzishia wengi dawa kwa kuangalia dalili. Kwangu hoja hiyo haigusi usugu. Kifua kikuu daktari anaweza kukihisi kwa homa za usiku na mwili uliokonda. Usugu hauna sura.

Hoja inayonisumbua zaidi inatoka Eswatini. Mashine haitazami kimelea kikifa au kikiishi ndani ya dawa. Inasoma kipande kifupi tu cha jeni iitwayo rpoB, na badiliko likikaa nje ya kipande hicho, linapita. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2009 nchini humo, kati ya sampuli 125 za vimelea sugu kwa dawa nyingi, 38 zilikuwa na badiliko la jeni liitwalo I491F, lililo nje ya kipande hicho, ambalo katriji hailioni. Ni kuotesha kulikovifichua. Kwa mashine pekee, wagonjwa wenye vimelea hivyo wangeandikiwa "usugu haukuonekana", wakarudi nyumbani na rifampisini ileile.

Hata kuotesha, tuseme kweli, nako hukosea. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango cha rifampisini kinachotumika kupimia, kutoka miligramu 1.0 hadi 0.5 kwa lita, kwa sababu baadhi ya vimelea sugu vilikuwa vikivuka mtihani.

Kwa hiyo naiunga mkono mashine ianze, bila kusita. Ninachopinga ni wapangaji wa bajeti kuona chumba cha kuotesha kimepitwa na wakati, eti kina gharama na majibu yake yanachelewa. Mgonjwa aliyeambiwa hana usugu, amemeza dawa zake kila siku, na mwisho wa mwezi wa pili wa matibabu makohozi yake bado yana vimelea, hahitaji katriji ileile tena. Makohozi yake yapelekwe yakaoteshwe, na kuwe na mahali pa kuyapeleka.