Maktaba na informatiki chini ya mkubwa mmoja?

Kila bajeti inapobana katika taasisi zetu za juu hapa Lubumbashi, hakosekani mtu wa kuuliza kikaoni kwa nini maktaba na kitengo cha informatiki, yaani cha kompyuta na mtandao, visifanywe idara moja. Wanafunzi wanasomea kwenye simu, vitabu vinakuja kwa PDF. Basi awepo mkubwa mmoja na mshahara mmoja wa uongozi. Mimi naona nusu ya wazo hili ni nzuri, ila nusu inayowavutia wakubwa ndiyo mbaya.

Wenzetu walishalijaribu. Columbia, New York, iliweka maktaba na huduma za kompyuta chini ya Patricia Battin miaka ya 1980. Vyuo vidogo vya Marekani, kama Kenyon huko Ohio, vikafuata muongo uliofuata. Uingereza nayo ililizungumzia sana baada ya ripoti ya Follett ya 1993 kuhusu maktaba za vyuo vikuu. Vipo vilivyobaki pamoja, vipo vilivyoachana. Lakini kule waliunganisha idara mbili zilizosimama kwa miguu yao. Sisi mara nyingi tunazungumzia wakutubi wachache na mainformatisie (wataalamu wa kompyuta) wawili, mmoja wao moyo wake uko Kolwezi, kwenye migodi.

Hata hivyo, anayetaka kuunganisha ana hoja. Chukua Hinari, mpango ulioanzishwa na OMS, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2002 wa kuzipa nchi maskini majarida ya tiba. Kongo imo katika kundi lisilolipa kitu. Kinachotakiwa ni taasisi kujiandikisha na mtu fulani kutunza neno la siri. Sasa mkutubi anayajua majarida, lakini ukurasa ukigoma kufunguka hana la kufanya. Informatisie anaujua mtandao, lakini hakuna aliyewahi kumwambia Hinari ni kitu gani. Mwanafunzi wa tiba anazungushwa kati ya milango miwili, mwisho ananunua mega zake za intaneti na kuokota anachookota kwenye Google. Yote hayo kwa kitu cha bure.

Memwari, ile kazi ya kuandika ya kumalizia masomo, ndiyo kabisa. Finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, analeta nakala iliyofungwa vizuri, pamoja na CD. Nakala inapanda rafuni, CD inaingia kwenye katoni. Fungua katoni hiyo leo: jalada za plastiki zimepasuka, majina ya wino yamefutika, na kompyuta mpya za ofisi hazina hata pa kuingizia CD. DSpace, programu ya bure iliyotolewa na MIT na kampuni ya HP mwaka 2002, ilitengenezwa kwa kazi kama hii. Kuiweka kwenye seva ni kazi ya informatisie. Kuandika mwandishi, mwelekezi, mwaka na mada kwa namna itakayomwezesha mwingine kuipata kazi hiyo ni ufundi wa mkutubi. Mmoja akikosekana, katoni inabaki pale pale. Koha, programu ya kuorodhesha vitabu na kuviazimisha, ni hadithi hiyo hiyo.

Kwa hiyo shida ipo. Swali ni kama bosi mmoja ndiye dawa yake.

Tazama kamati ya uongozi ilivyo: wamo rekta au mkurugenzi mkuu, SGAC (katibu mkuu wa masomo), SGAD (katibu mkuu wa utawala), na msimamizi wa bajeti. Maktaba kwa asili yake inamtazama SGAC. Informatiki, iliyoingia vyuoni kupitia malipo ya wanafunzi na mishahara, mara nyingi inamtazama SGAD. Ukiziunganisha, lazima moja ihame, na sitarajii itakuwa ile inayohesabu pesa.

Halafu kuna suala la nani anasikika. Programu ya matokeo ikikwama siku ya deliberesho, matokeo ya mitihani yanapoamuliwa, kila mtu anakimbia, hata usiku simu zinalia. Maktaba ikikaa miaka bila kitabu kipya, nani atampigia nani? Ndani ya kasha moja, betri, inverta na malipo ya intaneti vitakula kwanza, maana delestaji, mgao wa umeme, haina subira. Vitabu vitapewa makombo.

Kuna jibu linaloniuma kwa sababu lina ukweli: maktaba ina bajeti gani ya kuporwa? Mahali pengine ni mstari tu kwenye karatasi. Mkuu wa informatiki anayesikilizwa na mkurugenzi anaweza kuleta taa na intaneti kwenye chumba cha kusomea, na chumba chenye vitu hivyo viwili hakikosi watu. Sawa. Lakini hayo anaweza kuyafanya hata bila kuimeza maktaba.

Na kama ni lazima kuunganisha, mkutubi ndiye aongoze. Najua wengi watacheka. Lakini informatisie mzuri aliyetoka Salama, shule ya juu ya informatiki, au UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mgodi ukimwita anaondoka, na simlaumu. Mkutubi yuko pale tangu asistanti wa leo walipokuwa wanafunzi.

Mimi ningeanza kidogo: meza moja ya kumpokea mwanafunzi, akiwa na shida ya kitabu au ya neno la siri; memwari zipokelewe kwa mafaili, na kila upande uandikiwe sehemu yake ya kazi; akaunti ya Hinari ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtu. Mistari miwili ya bajeti ibaki miwili, na ule wa vitabu usainiwe na mkutubi mwenyewe.